Pasipoti ya Uingereza, Lakini ya Uraia Upi? Mwongozo kwa Walioko Visiwani na kwa Warithi wa Makaratasi ya Zamani

Simu mbili za wiki moja ndizo zilizonikalisha chini kuandika haya. Ya kwanza ilitoka Grand Cayman, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uingereza, kwa mpwa wangu anayefanya kazi hotelini. Mkewe alikuwa amejifungua. "Mjomba, mtoto kazaliwa chini ya bendera ya Mwingereza. Si ndiyo kashakuwa Mwingereza?" Ya pili ilitoka kwa jirani yetu wa Mji wa Kale, Mombasa. Katika sanduku la marehemu babu yake alikuta pasipoti nzito ya buluu, pembe zimeliwa na mende, na ndani imeandikwa kwamba mwenye hati ni raia wa Uingereza na Makoloni. "Hii nikienda nayo ubalozini, si watanitolea yangu?"

Niliwapa wote wawili jibu moja: sijui bado. Nipigieni picha ya ukurasa wenye maandishi, halafu mnipe tarehe na mahali pa kuzaliwa, penu na pa wazee wenu. Maana sheria ya Uingereza haina uraia mmoja. Inazo aina sita, zote zinaitwa "za Kiingereza", na nyingi kati ya hizo hazimpi mwenyewe haki ya kwenda kuishi Uingereza.

Hatua ya 1: Soma herufi tatu

Jalada halikwambii kitu, na nembo ya simba na farasi mwenye pembe haikwambii kitu. Fungua ukurasa wa picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu zilizojazwa alama za <<<. Shika mstari wa pili. Unaanza na namba ya pasipoti, nafasi tisa. Inafuata tarakimu moja ya kuhakiki. Baada yake zipo herufi tatu, na hizo ndizo zinazotaja uraia.

Ukiona GBR, huyo ni raia wa Uingereza kwa maana ambayo watu wengi huifikiria. Anaingia, anakaa, anafanya kazi, haombi ruhusa kwa mtu.

Ukiona GBD, huyo ni raia wa Maeneo ya Ng'ambo ya Uingereza. Maeneo hayo ni 14: Anguilla, Bermuda, Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Cayman, Montserrat, Turks na Caicos, Falkland, Gibraltar, Pitcairn, Saint Helena pamoja na Ascension na Tristan da Cunha, Georgia Kusini na Visiwa vya Sandwich Kusini, Eneo la Antaktika, Eneo la Bahari ya Hindi, na kambi mbili za kijeshi za Akrotiri na Dhekelia huko Saiprasi. Saint Helena Wazanzibari wanaijua kwa njia nyingine. Ndiko Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash baada ya kumkamata mwaka 1916, kabla hajarudishwa huku na kufia Mombasa mwaka 1927.

Ukiona GBO, simama usome tena. Huyu ni raia wa Ng'ambo wa Uingereza, bila neno "Maeneo". Tofauti ni ya neno moja, lakini wa kwanza ana kisiwa nyuma yake na huyu hana popote. Ni hadhi waliyobaki nayo watu wa makoloni yaliyokwisha kupata uhuru, ambao hawakuchukua uraia wa nchi mpya wala hawakuwa na mzizi Uingereza kwenyewe. Wahindi wengi wa Kenya waliangukia hapa. Kadhalika watu wa Penang na Malacca, Malaysia, ingawa wengi wao walipata uraia wa nchi mpya pia.

GBP ni mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini, Uganda na Zanzibar zilikuwa nchi za ulinzi, kwa hiyo aliyezaliwa huko hakuwa mtu wa koloni. Mwambao wa Kenya ulikuwa hivyo hivyo. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiusimamia tu. Aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 alizaliwa kwenye koloni. Aliyezaliwa Mombasa, Malindi au Lamu mwaka huohuo alizaliwa kwenye eneo la ulinzi, na kuzaliwa huko peke yake hakukumpa uraia wa Uingereza na Makoloni. Jirani yangu hakulipenda jambo hili hata kidogo, na mimi simlaumu.

Zimebaki mbili. GBN ni ya watu wa Hong Kong waliojiandikisha kabla ya mji kurudishwa China tarehe 1 Julai 1997. Hairithiwi na watoto, ingawa tangu 31 Januari 2021 wenye hadhi hiyo wamefunguliwa viza maalumu ya kuhamia Uingereza. GBS ni watawaliwa wa Uingereza, salio la India ya kikoloni na la Waayalandi wa zamani, nao ni wachache.

Pasipoti za zamani hazina mistari hii. Kwa hizo, piga picha ukurasa wa maelezo, wa mihuri na wa nyongeza yoyote iliyoandikwa kwa mkono. Usikate wala kubandua kitu.

Hatua ya 2: Tenganisha maswali matatu

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata walioishi visiwani miaka kumi. Ukiulizwa "una makaratasi?" yapo maswali matatu ndani yake. Una uraia gani? Una haki ya kuishi Uingereza? Una haki ya kuishi kisiwani? Kila swali lina sheria yake na ofisi yake, na kujibu "ndiyo" kwa moja hakujibu mengine.

Uraia wa Maeneo ya Ng'ambo unatolewa na sheria ya Bunge la London, Sheria ya Uraia ya mwaka 1981. Haki ya kuishi na kufanya kazi kisiwani bila kibali inatolewa na sheria ya kisiwa chenyewe. Cayman wanaiita hadhi ya Mcayman, Bermuda hadhi ya Mbermuda, na katika visiwa kadhaa vya Karibi mwenye haki hiyo huitwa "belonger", yaani mwenye kwao pale. Mtu anaweza kuwa na pasipoti yenye GBD na bado akadaiwa kibali cha kazi kisiwani humohumo. Na Mwingereza wa London, GBR safi kabisa, akitua Bermuda kutafuta kazi anahitaji kibali kama Mkenya anavyokihitaji.

Chukua daftari uandike maswali hayo matatu, kila moja na ukurasa wake. Karatasi yoyote unayopata, iingize kwenye ukurasa wake. Mpwa wangu alikuwa na faili moja la plastiki lenye kila kitu: vibali vya kazi, cheti cha ndoa, barua za mwajiri, risiti za kodi ya nyumba. Tulipoligawa mara tatu, ukurasa wa uraia ulibaki mtupu. Ilimuuma, lakini ndipo alipojua anaanzia wapi.

Hatua ya 3: Tafuta mwaka wako ulipoangukia

Sheria hii haitazamwi ilivyo leo tu. Inatazamwa ilivyokuwa siku uliyozaliwa, siku wazazi wako walipozaliwa, na siku nchi yao ilipopata uhuru.

Tarehe 1 Januari 1949 ndipo ulipozaliwa ule uraia wa Uingereza na Makoloni, mmoja kwa mtu wa Manchester na wa Nairobi. Ulidumu kwa jina hadi 1983, ila ulikwisha kutobolewa mapema. Mwanzoni mwa 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walianza kuondoka kwa wingi, na Bunge la London likapitisha sheria ndani ya siku tatu. Kuanzia tarehe 1 Machi 1968, mwenye pasipoti ileile asiye na mzazi au babu mwenye mzizi Uingereza alizuiwa kuingia kama mgeni. Tangu hapo pasipoti ikawa na watu wa daraja mbili.

Tarehe 1 Januari 1983 sheria ya 1981 ilianza kazi na kuupasua uraia ule vipande vitatu: raia wa Uingereza, raia wa maeneo yaliyobaki mikononi mwa Uingereza, na raia wa Ng'ambo. Watu wa Falkland waliongezwa kwenye kundi la kwanza kwa sheria maalumu baada ya vita na Argentina. Watu wa Gibraltar walipewa haki ya kuomba kuingia humo. Wengine wa visiwani walibaki nje ya mlango kwa karibu miaka 20.

Kisha ikaja tarehe ambayo kila mtu wa visiwani anapaswa kuijua kama siku yake ya kuzaliwa: 21 Mei 2002. Siku hiyo kila aliyekuwa raia wa Maeneo ya Ng'ambo aligeuka kuwa raia wa Uingereza pia, bila fomu wala ada. Waliobaki nje ni wale tu ambao uraia wao ulitokana na zile kambi za Saiprasi peke yake. Kwa hiyo mtu wa Montserrat au Saint Helena aliyekuwa na hadhi hiyo siku ile haombi uraia. Anaomba pasipoti. Nimeona watu wakijaza fomu ya maombi ya uraia walionao tayari, wakapoteza miezi na fedha.

Hatua ya 4: Mtoto aliyezaliwa kisiwani

Kuzaliwa kisiwani peke yake hakutoshi tangu 1983. Sheria inauliza juu ya mzazi: siku mtoto anazaliwa, je, baba au mama alikuwa raia anayetambuliwa, au alikuwa na makazi ya kudumu pale? Makazi ya kudumu maana yake unaishi pale kwa kawaida na hakuna muhuri unaokuwekea tarehe ya mwisho. Kibali cha kazi cha miaka mitatu kina tarehe ya mwisho. Hata kikirudiwa mara nne, bado kina tarehe ya mwisho.

Mzazi mmoja akiwa na makazi ya kudumu, na mtoto akazaliwa tarehe 21 Mei 2002 au baadaye, mtoto anapata vyote viwili papo hapo: uraia wa eneo na uraia wa Uingereza. Hata kama wazazi wote ni Watanzania au Wakenya.

Mtoto wa mpwa wangu hakupata. Wazazi wote wako kwenye vibali. Ana njia mbili za mbele. Ya kwanza, mzazi mmoja akipata makazi ya kudumu au uraia wa eneo kabla mtoto hajatimiza miaka 18, mtoto ana haki ya kusajiliwa kuwa raia wa eneo. Ya pili haitegemei mzazi: mtoto aliyezaliwa pale akaishi pale miaka kumi ya mwanzo ana haki ya kusajiliwa, ilimradi katika kila mmoja wa miaka hiyo kumi hakuwa nje zaidi ya siku 90.

Hizo siku 90 ndizo zinazowaumiza watu wetu. Sisi mtoto akifika miaka miwili, mama amechoka na zamu za usiku, tunasema mpelekeni kwa bibi yake Kisumu mwaka mmoja, akue na wenzake, ajifunze lugha. Ni jambo jema, na ndilo linalovunja hesabu. Ipo hiari ya mamlaka kusamehe, lakini usiijengee nyumba juu yake. Likizo ya wiki sita haina neno.

Anza kuhifadhi ushahidi leo: kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, ripoti za shule za kila muhula, barua ya daktari wa meno, pasipoti zote za mtoto hata zilizokwisha muda. Baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka ulikuwa wapi Machi ya mwaka wa tatu. Kadi ya chanjo itakumbuka. Na mwandikishe mtoto uraia wa kwenu mapema, maana aliyezaliwa nje na mzazi Mkenya au Mtanzania anaurithi, na asipoandikishwa atakua bila hati ya popote.

Hatua ya 5: Mtu mzima anayeomba uraia wa eneo

Huu ni uraia wa kuandikishwa, na maombi huamuliwa na Gavana wa eneo. Masharti ya msingi ni haya. Umeishi pale miaka mitano mfululizo hadi siku ya kuomba. Ulikuwepo pale kimwili siku ya kwanza ya hiyo miaka mitano. Hukuwa nje zaidi ya siku 450 kwa jumla, wala zaidi ya siku 90 katika miezi 12 ya mwisho. Katika miezi hiyo 12 hukuwa na ukomo wowote wa muda wa kukaa. Una tabia njema, unajua lugha ya kutosha, na unakusudia kuendelea kuishi pale. Aliyeoa au kuolewa na raia wa eneo hilo anahesabiwa miaka mitatu na siku 270, na zile 90 za mwisho zinabaki palepale.

Sharti la ukomo wa muda ndilo lango lenyewe. Maana yake ni kwamba kabla ya uraia lazima kwanza upate makazi ya kudumu kwa sheria ya kisiwa, kisha ungoje mwaka. Na sheria za visiwa ni ngumu kuliko ya London. Kwa muda mrefu Cayman imekuwa ikimtaka mfanyakazi awe ametimiza miaka minane kabla ya kuomba makazi ya kudumu, huku ikimwekea kikomo cha miaka tisa kwenye vibali. Kwa hiyo alikuwa na dirisha la mwaka mmoja tu. Sheria hizo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo usifuate aliyoyafanya rafiki yako miaka sita iliyopita. Chukua sheria ya mwaka huu.

Kuhesabu siku ni kazi ya mkono. Tandika meza, weka pasipoti zako zote, chora safu tatu: siku niliyoondoka, siku niliyorudi, siku kamili nilizokuwa nje. Kwa kawaida siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi kuwa za nje. Ukiondoka tarehe 3 Desemba ukarudi tarehe 14 Januari, siku za nje ni 41, si 43. Anza na tarehe ileile miaka mitano nyuma na uhakikishe ulikuwa kisiwani siku hiyo. Kama ulikuwa likizo nyumbani, sogeza siku ya kuomba mbele hadi ipite. Hili pekee limeangusha maombi ya watu waliotimiza mengine yote. Siku hizi viwanja vingi havigongi muhuri, kwa hiyo tafuta tiketi na baruapepe za ndege, na usiandike tarehe kwa kukisia. Ofisa ana rekodi zake.

Kuhusu tabia njema, sema yote. Faini ya barabarani uliyoisahau, kodi uliyochelewesha, kesi iliyofutwa. Kosa dogo lililotajwa mara nyingi husameheka, lakini lililofichwa husomeka kama uongo, na uongo unaweza kukuvua uraia hata baada ya kuupata.

Ukikubaliwa na una miaka 18 au zaidi, utakula kiapo cha utii kwa Mfalme na ahadi kwa eneo lenyewe. Hujawa raia mpaka kiapo kiishe, kwa hiyo usikate tiketi ya safari kwa tarehe ya barua.

Hatua ya 6: Kutoka uraia wa eneo kwenda uraia wa Uingereza

Aliyekuwa raia wa eneo tarehe 21 Mei 2002 amekwisha kuvuka. Aliyeupata baadaye kwa kuandikishwa anaomba kwa fomu iitwayo B(OTA). Hii ndiyo sehemu nyepesi ya safari nzima, na nashangaa ni wangapi hawaijui. Huulizwi mtihani wa maisha ya Uingereza, huulizwi Kiingereza, hutakiwi kuwa umewahi hata kuikanyaga Uingereza. Unatakiwa uwe raia wa eneo, si kwa kambi za Saiprasi pekee, na uwe na tabia njema. Utataja wadhamini wawili wanaokufahamu kwa miaka isiyopungua mitatu.

Si haki, ni hiari ya serikali. Na kumbuka ulimwambia Gavana kwamba unakusudia kuishi kisiwani. Ukila kiapo Jumatatu na Ijumaa unahamia Birmingham, usishangae ukiulizwa kama ulikuwa unasema kweli.

Ukipata, unabaki na uraia wote wawili na unaweza kushika pasipoti zote mbili, ya GBD na ya GBR. Ada ni kubwa na hubadilika, mara nyingi mwezi Aprili, kwa hiyo soma kiasi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayolipa.

Na kwa waliovuka mwaka 2002, angalia kama uraia wako ni wa kurithi. Uliyezaliwa nje ya eneo na kuupata kupitia mzazi, uraia wako kwa kawaida ni wa kurithi, na mtoto wako akizaliwa Nairobi au Dubai hatakuwa nao moja kwa moja. Njia za kumsajili zipo kabla hajatimiza 18. Fuatilia mapema.

Hatua ya 7: Waliobaguliwa na sheria za zamani, na watu wa Chagos

Kabla ya 1983 mama hakuweza kumrithisha mtoto uraia. Kabla ya 1 Julai 2006 baba asiye na ndoa hakuweza. Makosa haya yalirekebishwa mapema kwa watu wa Uingereza yenyewe, na watu wa visiwani wakaachwa wangoje hadi sheria ya mwaka 2022. Kama mama yako ni wa Anguilla nawe ulizaliwa Kenya mwaka 1978, au baba yako ni wa Saint Helena na hakumwoa mama yako, maombi yako yana mlango sasa, wa uraia wa eneo na wa Uingereza pamoja. Utahitaji mnyororo wa vyeti usiokatika: cha mzazi, chako, na ushahidi wa uzazi. Kwa baba asiye na ndoa, cheti cha kuzaliwa chenye jina lake ni nguzo. Kama hakipo, jiandae kwa vipimo vya vinasaba.

Watu wa Chagos wana fungu lao, na ni majirani zetu wa bahari moja. Mwaka 1965 Uingereza ilivivika visiwa hivyo jina la Eneo la Bahari ya Hindi ikivitenga na Mauritius, na kati ya 1968 na 1973 ikawaondoa wenyeji wote ili Diego Garcia iwe kambi ya Wamarekani. Walitupwa Mauritius na Seychelles, na wajukuu wao wengi leo wako Crawley, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Kwa kuwa wajukuu hawakuzaliwa kisiwani, na hawakuweza kuzaliwa kisiwani, uraia uliwapita. Tangu 23 Novemba 2022 kizazi chochote cha moja kwa moja cha aliyezaliwa Chagos kinaweza kusajiliwa bila ada. Aliyekuwa mtu mzima siku hiyo ana mwisho wa 23 Novemba 2027. Mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka ya visiwa ulitiwa saini tarehe 22 Mei 2025. Mwenye haki hii asingojee siasa ziishe. Apeleke karatasi.

Hatua ya 8: Sanduku la babu, Mombasa

Turudi kwa jirani. Maswali niliyomuuliza ni haya, na wewe jiulize kwa mpangilio huohuo.

Babu alizaliwa wapi, na baba wa babu? Tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja pia akazaliwa Kenya aligeuka Mkenya siku hiyohiyo, na kwa kawaida uraia wa Uingereza ukamtoka. Aliponea yule ambaye yeye, baba yake au babu yake mzaa baba alizaliwa Uingereza au kwenye koloni iliyokuwa bado ya Mwingereza. Aliyezaliwa Kenya na wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili ajiandikishe. Asiyejiandikisha alibaki na pasipoti ya Uingereza, ndiye akafungiwa mlango 1968, na ndiye akawa GBO mwaka 1983. Uganda nako, Amin alipotoa siku 90 mwaka 1972, zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza kwa karatasi za namna hii.

Kama mzee mwenyewe yuko hai na hajawahi kuchukua uraia mwingine wowote, ana haki, si hiari, ya kusajiliwa kuwa raia wa Uingereza kamili. Haki hiyo ilianza 30 Aprili 2003 kwa GBO, GBP na GBS. Asiwe na uraia mwingine, na asiwe ameuacha au kuupoteza kwa kitendo chake baada ya 4 Julai 2002. Kazi yote iko kwenye kuthibitisha "hana mwingine": barua ya Idara ya Uhamiaji ya Kenya kwamba hakusajiliwa, na kama asili ni India au Pakistan, barua ya ubalozi wa huko pia. Mwenye GBP awe mwangalifu zaidi, kwa sababu hadhi hiyo hufa siku anapopata uraia wowote mwingine.

Kama mzee amefariki, pasipoti yake kwa kawaida hairithishi kitu. Uraia wa Ng'ambo haupiti kwa mtoto isipokuwa katika hali chache za watoto ambao wangebaki bila taifa. Babu wa jirani alizaliwa Mombasa, baba yake Lamu, na alipiga kura Kenya maisha yake yote. Ile pasipoti nilimwambia aitie kwenye bahasha isiyo na asidi, aitunze.

Hatua ya 9: Kabla ya kutia sahihi, uliza nyumbani

Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, ila unapaswa kuutangaza uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Uganda inaruhusu kwa kuomba. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima: ukila kiapo cha Cayman kwa hiari yako, uraia wa Tanzania umekutoka, na shamba la Moshi litakuwa na maswali. Kongo nayo katiba yake inasema uraia wa Kikongo hauchanganyiki na mwingine.

Kwa mambo yenye utata, kama jinai, karatasi zilizopotea, au ndoa za kimila, lipa mwanasheria aliyesajiliwa kushughulikia uhamiaji. Kuna watu mitandaoni wanaouza "pasipoti ya babu" kwa dola. Waulize swali moja tu: mstari wa pili, herufi ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu, zitasomaje?

Mpwa wangu amenunua daftari. Kadi ya chanjo ya mtoto ameipiga picha pande zote mbili, na safari ya Desemba wameifupisha kutoka miezi minne hadi wiki saba.